Sauti Yako Kwenye Dirisha Langu

Goma, tarehe 9 mwezi wa sita

Mudogo wangu Miriam,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha namusalimu bwana yako Akonkwa, kisha watoto wote kwa umri wao, kuanzia mukubwa hadi Murhula. Mumeamkaje huko Bukavu? Miguu ya mama imepungua kuvimba, ama bado anapanda mulima wa Kadutu na kukataa fimbo? Mumuambie kwamba fimbo si uzee, ni akili. Sisi huku tuko. Bwana yangu Namegabe ni muzima, anafanya kazi, anakula kupita kiasi. Mvua imekatika na lile vumbi jeusi limerudi: nalifuta kwenye meza asubuhi, saa sita liko tena. Upande wa afya ni hayo tu, na namushukuru Mungu.

Utashangaa kuona barua ya kalamu wakati tuna simu. Jana nilianza kukuandikia kwenye simu, nikafuta, nikaanza tena, nikafuta. Karatasi haifutiki vizuri, ndiyo maana nimeichagua. Tena simu yako ya kazi inasomwa na wenzako wote wa biro, ofisi nzima, na haya si ya biro. Unanijua, mimi ni mutu wa tarehe. Tangu sekondari naandika kila siku katika kitabu changu yale yaliyonipata, na kabla ya kushika karatasi hii nilikifungua ili nisiongeze chumvi. Nitafuata mambo kama yalivyokuja.

Unakumbuka mwanzo wa mwaka, Papa Balagizi, mukubwa wetu wa kazi, alipoamua kwamba kampuni yetu ya boti iwe na roboti ya kuwajibu watu kwenye WhatsApp, ili wasijae tena kwenye madirisha kuuliza boti inaondoka saa ngapi na mizigo yao, zile koli, inafika lini. Sibomana, fundi wa mashine, alitueleza kwamba roboti haiwezi kuelewa kila kitu, kwa hiyo kuna ujumbe mumoja ambao ndio mulango wa nyumba: ujumbe wa musaada. Unakuja mutu akiuomba, na unakuja mashine ikishindwa kuelewa alichoandika. Papa Balagizi akasema Bukavu muandike wenu na Goma tuandike wetu. Huko ukachaguliwa wewe, huku mimi. Siku hiyo niliandika katika kitabu changu kwamba mimi na mudogo wangu tumepewa kazi moja, na kwamba nina furaha. Sikuandika sababu ya furaha. Ilikuwa kwamba nilijua nitakushinda.

Usikasirike. Ni mimi niliyekushika mukono ukajifunza kuandika jina lako. Nilikusahihishia barua zako zote, hata ile ya kwanza uliyomuandikia Akonkwa, na yeye hadi leo hajui. Kwa nini nisifikiri nitakushinda?

Nilifanya kazi ile wiki nzima. Kila kitu kilikuwamo: saa za boti, namna ya kufunga koli, vitu vilivyokatazwa, watoto, wanyama, samaki wabichi, wagonjwa, maiti. Kila jambo nililipa namba yake. Mutu alipaswa kusoma yote, kutafuta namba inayomuhusu, kuituma. Hakuna swali lililokosa jibu mule ndani, na nilijivunia.

Wa kwanza kunionyesha ubaya wake ni Muzee Harelimana wa Munigi, anayetuma viazi kwa binti yake huko kwenu. Aliiandikia mashine kama mutu mwenye adabu: Jambo mama. Mashine haikujua jambo ni kitu gani, ikamutumia musaada wote, tangu saa za boti hadi maiti. Muzee akafikiri amesalimu vibaya, akauliza habari ya kazi. Ikaja tena ile yote. Akauliza habari ya batoto. Ikaja tena. Akaandika, pole mama, naona leo umeamka na hasira. Ikaja tena, na maiti yake palepale mwisho. Kesho yake alifika kwenye dirisha langu amevaa koti la misa, na kabichi mbili ndani ya mufuko, akaomba aonyeshwe yule mama wa simu. Alisema anataka kumuomba musamaha, maana tangu jana anamutajia wafu na yeye hajui alimukosea nini. Wenzangu walicheka hadi mama wa usafi akakaa chini. Mimi nilipokea kabichi.

Ndipo nilipotaka kuona wako. Niliandikia namba ya Bukavu nikijifanya mugeni, nikasema jambo. Roboti yako ikajibu: Jambo sana, umeamkaje? Nikuite nani? Nikaipa jina la uongo, Mama Furaha. Ikasema, Karibu Mama Furaha, unapenda kusoma ama kusikia sauti? Ikaniuliza kama tuzungumze Kiswahili, Kifaransa, Mashi ama Kinyarwanda. Kisha swali moja tu: ni kwa ajili ya safari ama ya koli? Nikasema koli. Katikati nikajikwamisha kwa makusudi, nikaomba musaada, nikingojea furushi la maneno. Ikanieleza mambo ya koli peke yake, tena ile hatua niliyokuwa nimefikia, mistari michache. Na chini yake: ukizoea, niambie FUPI, nitapunguza maneno, ukitaka kuzungumza na mutu, niambie MUTU, nitamuita. Nilitafuta kosa. Nilisoma hata nukta. Mwishowe nikajiambia kwamba hakuna heshima ya kampuni katika maneno mafupi namna ile, nikafunga simu.

Halafu kukawa na mukutano. Papa Balagizi alionyesha ujumbe wako na wangu ukutani bila majina, akauliza wafanyakazi kila ujumbe unawafanya wajisikie namna gani. Wako ulipoonyeshwa, mapakizi wawili wa mizigo walianza kuujibu kwa mudomo, wanasalimu ukuta. Wangu ulipoonyeshwa, mumoja wao akasema huu umeandikwa na mukuu wa nidhamu, mungoje viboko namba saba. Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, Miriam, tena kwa sauti, ili mutu asinitazame. Sibomana akaeleza kwamba musaada muzuri hausemi yote unayoyajua, unaangalia kwanza mutu amesimama wapi. Alikuwa anazungumza na wote. Mimi nilisikia anazungumza na mimi.

Baada ya pale wangu uliondolewa, na Goma nasi tukapewa wako. Kisha ukarekodi sauti kwa ajili ya wale wanaopenda kusikia kuliko kusoma. Hapo ndipo mambo yaliniharibikia kabisa. Wewe hukai Goma, huoni. Mutu anakuja na muzigo wake, anasimama mbele ya dirisha langu, mimi niko ndani nimevaa batiki ya kazi, naona uso wake, naye ananiona. Haniulizi. Anaweka simu kwenye sikio na anakusikiliza wewe ukimueleza kitu ambacho mimi ninacho mudomoni. Anatingisha kichwa. Anasema, asante mama. Kisha ananisogezea koli yake imefungwa vizuri, na kwangu hana neno. Kutwa nzima nasikia sauti ya mudogo wangu inatoka mifukoni mwa watu.

Wanakuita Mama wa Sauti. Mama mumoja aliniuliza kama namujua Mama wa Sauti. Nikasema hapana.

Nikueleze pia la Namegabe, ucheke, kwa maana mimi lilinishinda. Ilikuwa siku ya Mungu, tumetoka misa, tunakula muchana. Simu yake iko mezani, ikawaka, na nikasoma: Bwana yangu, koli yako imefika, njoo uichukue kabla ya saa kumi. Niliweka tonge chini. Nikamuuliza ni mwanamke gani anayemuita bwana yake mbele ya bugali yangu. Alicheka hadi akapaliwa. Akasema ni Miriam, yaani mashine ya Miriam. Ilimuuliza imuite nani, akajibu Bwana yangu, maana yeye ni shemeji, na shemeji anaitwa bwana, ndiyo desturi yetu, ama nimesahau? Sikusahau. Nilicheka. Kisha nikamuuliza kwa nini yeye, mutu ambaye bibi yake amekaa ndani ya biro ambamo koli yenyewe imewekwa, anauliza mashine. Alifikiri kidogo, akajibu bila ubaya wowote kwamba ile haichoki kuulizwa. Jibu hilo nililiandika katika kitabu changu vile vile, sikuongeza kitu.

Nililitafutia jina lingine jambo hili. Nilisema ni uchovu, nilisema ni vumbi, nilisema roboti itatutoa sote kazini. Hapana. Ni wivu. Nakuonea wivu, mudogo wangu, na unanizidi nguvu kwa sababu wewe huna kosa. Kama ungekuwa na majivuno, ningepumzika. Lakini ulinipigia simu ukaniambia kwamba yale maneno uliyatoa kwangu, kwamba tulipokuwa wadogo nilikuwa nakueleza somo kidogo kidogo, nakuuliza kwanza umefika wapi, na kwamba ulifanya tu hivyo. Nilikuambia rezo ya simu ni mbaya, nikakata. Rezo ilikuwa nzuri. Nilikuwa najiuliza Gisèle huyo, mimi wa zamani, unayemukumbuka alikwenda wapi, na kwa nini wewe ndiye uliyebaki naye.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe.

Tarehe 2 ya mwezi huu Papa Balagizi aliniita kwake, akafunga mulango. Akasema kampuni inataka mutu mumoja wa kusimamia ujumbe wote wa bandari mbili: kuusikiliza, kuurekebisha, kuuliza watu wanakwama wapi, kuongeza lugha. Mutu huyo atakaa hapa Goma, na biro lake mwenyewe, si dirisha. Akasema moyoni mwake amekufikiria wewe. Lakini hakutaka kukupigia moja kwa moja na kukuweka katika matatizo na bwana yako, kwa hiyo anapitia kwanza kwa mukubwa wako, kama inavyofaa. Akaniuliza kama familia yako inaweza kuhama. Ni desturi nzuri hiyo ya kupitia kwa mukubwa. Ni yenyewe iliyonipa nafasi.

Nilimujibu kwamba Murhula ana ugonjwa wa kifua. Nilisema daktari amekataza mutoto asikaribie vumbi la volkeno hata kwa likizo. Nilisema Akonkwa hawezi kuacha shule anayofundisha, na kwamba kukuuliza ni kukuumiza tu, maana utalia halafu utakataa. Nilisema yote bila kupumzika, kama mutu anayesoma. Papa Balagizi alivua miwani. Akasema pole sana, hakujua. Kisha akasema basi, nafasi hiyo ataitafutia mutu hapa hapa Goma, na akaniangalia kwa namna ambayo niliielewa.

Murhula alikohoa wakati wa Noeli, akanywa chai ya limau, akapona. Ndicho kifua chake chote. Na wewe hukuulizwa kitu.

Nilitoka mule ndani nikitembea vizuri. Nilifikiri ni uongo mudogo, wa kukaa kati ya watu wawili. Lakini Papa Balagizi ni mutu wa huruma. Asubuhi iliyofuata aliwaomba wafanyakazi wamukumbuke katika maombi mutoto wa Mama wa Sauti. Mapakizi wakawaambia wateja. Muzee Harelimana akashuka kutoka Munigi na tangawizi, koti lile lile. Mama Mukamurenzi, yule wa Kalengera anayetuma maharagi, alikuja na chupa ya asali ya nyuki wa porini, akaniwekea mezani kwa mikono miwili. Alisema yeye hajui kusoma, na kwa maisha yake yote alimuomba mutu mwingine amusomee, na mutu mwingine alimucheka. Tangu wewe umueleze kwa sauti, anafunga na kutuma koli zake mwenyewe. Akasema mutoto apewe kijiko asubuhi kabla ya kula. Kisha akaniuliza mimi ni nani kwa huyo mama, maana tunafanana kwenye macho. Hapo nilisema kweli. Akanikumbatia katika dirisha lile, nusu ya mwili wake ndani, nusu nje, akanipa pole kwa ajili ya mutoto wetu.

Miaka yote niliyokaa kwenye dirisha hili, mutu hajawahi kuniletea asali. Hata ile kabichi ya Muzee, mwenyewe hakujua ananipa mimi. Nitakuambia kitu kibaya: nilipokuwa nimeshika chupa ile, kabla ya kuona haya, niliona wivu. Nilimuonea wivu mutoto mugonjwa ambaye hayupo.

Jana tulikwenda misa ya pili. Padri alisoma nia za misa, na katikati ya marehemu na mashukrani nikasikia: kwa ajili ya afya ya mutoto Murhula wa Bukavu, imeombwa na wafanyakazi wa boti. Namegabe aligeuka polepole. Akaniuliza kwa sauti ya chini Murhula ana nini, na kwa nini mapakizi wanajua na yeye hajui. Alitaka kukupigia palepale nje ya kanisa, simu alikuwa ameitoa. Nilimushika mukono, nikamuomba aniachie mimi nikuandikie. Aliniachia, lakini tangu jana ananitazama. Hajui ninachokuandikia. Ukitaka kumueleza, umueleze. Mimi bado sijaweza.

Leo asubuhi nilikwenda hadi mulango wa Papa Balagizi. Nilisikia anazungumza ndani, nikajiambia ana wageni. Alikuwa kwenye simu. Nikarudi kwenye dirisha.

Yeye anasafiri kuja kwenu siku ya tatu, tarehe 11. Barua hii nitamupa kapiteni wa boti mukononi, uipate siku ya pili jioni, ili imutangulie. Atakuja kwenye dirisha lako kukusalimu, na atakusalimu kwa huruma nyingi, na atakuuliza kifua cha mutoto. Huruma hiyo imetoka kwangu. Sasa unajua, na jibu ni lako.

Naomba nisikudanganye mara ya pili. Ukimueleza ukweli, nitapata aibu mbele ya watu wote wa bandari, na kazi itakuwa yako, kama ilivyopaswa. Ukinyamaza ili kunisitiri, nitaichukua. Usifikiri nitakataa mwishoni na kulia. Najijua. Nitakaa kwenye biro lile, nitaandika ujumbe murefu, na watu watarudi kuuliza saa za boti kwenye madirisha. Kwa hiyo usinisitiri. Unapenda kunihurumia tangu utoto, na safari hii huruma yako itawaumiza wengi: Mama Mukamurenzi atarudi kuomba asomewe.

Sijui kama wivu huu utakwisha siku nitakapokuona umekaa hapa. Pengine utazidi, kwa kuwa nitakusikia kwa masikio na nitakuona kwa macho. Ukija, nyumba yetu ina chumba, na Namegabe atafurahi kuitwa bwana na wanawake wawili. Mimi sitakukaribisha kwa wimbo. Nitakukaribisha kwa chakula, na kwa kuwa nitakuwa naona haya, utanisemesha wewe kwanza.

Pamoja na barua kapiteni atakupa tangawizi na chupa ya asali. Siwezi kuirudisha kwa wenyewe, na siwezi kuila. Ni yenu. Muile kwa mukate, hakuna mugonjwa.

Mumusalimie mama, na mumufiche barua hii. Akonkwa umuonyeshe, kwa maana nilitumia jina lake. Salimia majirani wa mama pale Kadutu, na wale wa kikundi cha Rozari wanaoniuliza kila mwaka nitarudi lini. Umubusu Murhula kwenye kifua, polepole, na umuambie ni shangazi... hapana, ni mama mukubwa wake wa Goma, aliyemufanya mugonjwa bure.

Mungu awalinde kwenye usingizi na kwenye njia zenu. Nangojea neno lako, hata likiwa FUPI.

Ni mimi yaya, mukubwa wako,

Gisèle